Sauti Iliyo Kati ya Vitufe Viwili

Chini ya kompyuta yangu ya jioni kuna kibandiko kinachosema imetengenezwa Ujerumani Magharibi, nchi ambayo siku hizi haimo kwenye ramani. Ni Commodore 64, ya rangi ya kahawia iliyopauka, na umbo lake limetuna kwa juu kama mkate wa boflo. Ukiiwasha, kioo cha televisheni kinageuka bluu na maandishi yanakuarifu kwamba kuna baiti 38,911 zilizo wazi kwa kazi yako. Chini ya maandishi hayo kidoa cha mraba kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Mashine imekaa tayari. Yaliyobaki ni yako.

Niliipata mwaka 2009 ndani ya boksi la masufuria. Shemeji yangu alikuwa anahama Hamburg kurudi nyumbani, akatia kwenye kontena kila kilichoweza kuingia, na kompyuta hii, aliyoiokota kwenye gulio la vitu vilivyotumika, akaipachika katikati ya masufuria yasigongane njiani. Aliponiona naipangusa vumbi akaniambia, "Shem, hiyo ilishakufa zamani. Chukua tu."

Wenye mashine kama hii Ulaya na Marekani wengi wao huipenda kwa sababu ya utoto. Walinunuliwa na wazazi wakiwa wadogo, wakacheza michezo yake sebuleni, na leo wakisikia muziki wake wanarudi kwenye zulia lile lile na harufu ile ile ya chakula cha jioni. Mimi sina zulia hilo. Commodore 64 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Las Vegas mwezi Januari 1982, ikaanza kuuzwa Agosti mwaka huo kwa dola 595. Wakati huo Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974. Na hata kama moja ingepenya, ingeunganishwa na nini? Inataka televisheni, na Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, mwaka ule ule ambao kampuni ya Commodore ilifilisika. Kwa hiyo mimi na mashine hii hatukukutana utotoni. Tumekutana ukubwani, kama watu wanaooana kila mmoja ameshaota mvi, na hakuna anayemjua mwenzake alivyokuwa kijana. Sababu ya kuipenda ilibidi niitafute kwenye kitu chenyewe.

Nimeitafuta kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, na naamini nimeipata. Mashine hii ina mwisho. Mtu mmoja, kwa jioni zake za baada ya kazi, anaweza kuijua yote.

Simu iliyo mfukoni mwangu hakuna mtu duniani anayeijua yote, hata walioiunda. Kila mmoja anajua kipande chake na kumwamini mwenzake kwa kilichobaki. Commodore ina vyumba vya kumbukumbu 65,536. Kila chumba kina namba yake, na ndani ya kila chumba hukaa namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255. Baadhi ya vyumba vimeunganishwa na viungo vya mashine: ukiandika POKE 53280,2 unapeleka namba 2 kwenye chumba cha 53280, na papo hapo pindo la kioo linakuwa jekundu. Peleka 5, linakuwa kijani. Hakuna dalali kati ya mkono wako na kitu chenyewe. Mwaka ule ule wa 1982 kampuni ilitoa kitabu cha mwongozo kwa waandishi wa programu, na nyuma ya kitabu hicho ilikunjwa karatasi kubwa yenye mchoro wa saketi yote. Mnunuzi alikabidhiwa ramani ya nyumba yake mpaka mabomba yaliyo ukutani. Nilipoifunua karatasi ile kwa mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Niliiona ni heshima ambayo sijapewa na kifaa chochote nilichonunua tangu hapo.

Lakini kwanza ilibidi ifufuke, maana shemeji hakusema uongo. Ilipowashwa, taa yake nyekundu iliwaka na kioo kikabaki cheusi.

Baba yangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga. Alikuwa na kawaida ya kuiweka redio mbovu mezani na kukaa nayo kimya kabla hajagusa bisibisi. "Kwanza isikilize," alikuwa akisema, "halafu iguse, ndipo uifungue kinywa." Basi nami niliiwasha, nikaifunika mikono, nikasikiliza. Kimya. Nikafungua kifuniko, nikagusa.

Katika mashine za aina yangu kumbukumbu imekaa kwenye chipu nane zilizopangwa pamoja. Hazikugawana vyumba, hii chipu vyumba hivi na ile vile. Zimegawana kila chumba. Kila namba inayohifadhiwa imekatwa vipande vinane, na kila chipu inashika kipande kimoja, kama watu wanane wanaoinua ngalawa kuitoa majini: akiteleza mmoja, ngalawa yote inalala. Nikapitisha ncha ya kidole juu ya chipu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mama anavyogusa mapaji ya watoto usiku kujua nani ana homa. Ya kwanza vuguvugu. Ya pili vuguvugu. Ya sita ikaniunguza.

Ilinichukua jioni mbili kuitoa. Ina miguu kumi na sita, na kila mguu umeshikwa na lehemu ya miaka mingi. Unaiyeyusha kwa ncha ya moto, unaifyonza kwa bomba la mkono kabla haijaganda, unahamia mguu wa pili. Kwenye mguu wa kumi na moja nilikuwa na haraka. Niliukandamiza moto nukta moja kupita kiasi, na njia ya shaba iliyobandikwa kwenye ubao, nyembamba kama unywele wa kope, ikainuka na kujikunja. Niliiangalia kwa uchungu mkubwa. Mtu fulani kiwandani aliiweka njia ile sawasawa, ikakaa miaka yote, ikapita bahari, na mimi nimeing'oa kwa haraka ya usiku mmoja. Siku iliyofuata nilishona njia mpya kwa uzi wa waya uliochunwa, nikiziba pumzi kila ninapoteremsha mkono. Chipu ya badala niliipata Kariakoo, kwenye ubao wa kompyuta nyingine ya kale ambayo fundi mmoja alikuwa anaivunja apate vipuri. Nikaipachika. Nikawasha. Bluu.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu bluu ile. Nimeshaona machweo ya Pangani na sikuyaonea wivu usiku ule.

Nilichokikuta ndani ya mashine iliyofufuka, na ambacho kimenishika mpaka leo, ni sauti. Chipu yake ya sauti iliundwa na Bob Yannes, mhandisi ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini, mpenzi wa sintesaiza, aliyeona kwamba chipu za sauti za wakati ule zilitengenezwa na watu wasioujua muziki. Alitaka kutia sintesaiza kamili ndani ya kipande cha silikoni, na akapewa miezi michache tu kuifanya kazi hiyo. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ensoniq, iliyounda vinanda vya umeme vilivyopendwa na wanamuziki wengi. Chipu yake ina sauti tatu. Kila moja inaweza kuchukua umbo la pembetatu, ambalo ni laini kama filimbi ya mbali. Umbo la msumeno, lenye ukali wa zumari. Umbo la mraba, ambalo unaweza kulipanua na kulibana mpaka liwe la puani. Na kelele tupu, ambayo ukiikata fupi inakuwa kayamba na ukiiachia inakuwa upepo wa kusi. Kisha kila sauti unaipangia jinsi itakavyozaliwa, itakavyoshuka, itakavyodumu na itakavyokufa. Sauti tatu, basi. Ukitaka ya nne, haipo.

Watunzi waliofanya kazi na chipu hii, kama Rob Hubbard na Martin Galway wa Uingereza, hawakukaa kulilia ya nne. Walipohitaji mlio wa nyuzi tatu zilizopigwa pamoja na sauti zao zimekwisha, waliichukua sauti moja na kuirusha kati ya noti tatu mara hamsini kwa sekunde, mpaka sikio likakubali kwamba linasikia zote kwa pamoja. Kuna jambo jingine ninalolipenda zaidi. Chipu za mwanzo zilikuwa na kasoro: ukibadilisha kiwango cha sauti kwa ghafla, kipaza sauti kinatoa mlio mdogo, tiki. Mtu mwingine angeuziba mlio huo. Wao waliona kwamba tiki nyingi, zikipangwa kwa kasi ya kutosha, ni wimbi. Na wimbi lolote ni sauti. Wakatumia kasoro kupigia ngoma, na hata sauti ya binadamu. Chipu ilipokuja kuundwa upya na kasoro ikarekebishwa, ngoma zile zikawa hazisikiki vizuri. Na kichujio chake ni cha umeme wa mfululizo, si cha hesabu, kwa hiyo hakuna chipu mbili za mwanzo zinazochuja sawasawa. Wimbo ule ule kwenye mashine yangu na kwenye mashine ya mwenzangu ni kama aya moja iliyosomwa na wasomaji wawili.

Nilianza kwa kunakili mifano ya vitabuni. Kisha jioni moja, nikiwa natafuta noti, nikagundua jambo ambalo naona lilikuwa likimngoja mtu aliyelelewa na taarabu.

Kinanda cha kawaida kina vitufe kumi na viwili kati ya do na do ya juu yake. Saba vyeupe, vitano vyeusi, mlango umefungwa. Lakini muziki wa Kiarabu, uliolea taarabu yetu, una sauti zinazokaa kati ya vitufe. Mapokeo ya Unguja yanasema Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ala ya nyuzi iitwayo qanun, na mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Tangu hapo sauti zile zimekuwa zikiletwa, zikipotea na kurudishwa, kulingana na nani ameshika ala gani. Udi hauna vigawanyo shingoni, kidole kinatua popote. Fidla vivyo hivyo. Kinanda kikiingia, sauti za katikati ama zinahamia kitufe cha jirani ama zinaachwa. Sikilaumu kinanda, kwa sababu kimetupa nyimbo ninazozijua kwa moyo, lakini sikio langu, lililokulia kwenye maulidi ya Tanga, lilikuwa na kiu ambayo halikujua jina lake.

Mashine hii haina vitufe vya muziki. Ina namba. Ukitaka la ya 440, ile inayotumiwa kulinganishia ala, unaitumia namba 7493, ukiigawa kwenye vyumba viwili: 29 kwenye chumba cha 54273, na 69 kwenye cha 54272. Kitufe cheusi kilicho kati ya re na mi, karibu na do ya katikati ya kinanda, ni 5298. Kitufe cheupe cha mi, jirani yake, ni 5613. Piga hesabu: kati ya vitufe hivi viwili, mahali ambapo kinanda kina ufa tu wa kupitisha ukucha, mashine hii ina namba 314, na kila moja ni sauti.

Nilikaa kwenye kiti nikijua kwamba sauti ya tatu ya maqam Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki huo wa Kiarabu, iko humo ndani. Vitabu huiweka katikati kabisa, karibu na 5453. Niliiandika, nikabonyeza. Ilikuwa sauti ya mtu anayefanana na ndugu yako kwa nyuma. Nikapanda hadi 5460. Nikapanda tena. Kila mara naisindikiza na do chini yake, niisikie imesimama wapi. Saa mbili zilipita hivyo, na namba zote nilikuwa nazo kwenye kioo tu, umeme ukakatika. Nilikaa gizani na sauti ile masikioni bila kujua imekaa kwenye namba gani. Tangu siku hiyo nina daftari la mistari la kurasa mia mbili, na kila sauti ninayoipata inaandikwa kwa kalamu kabla haijachezwa mara ya pili. Daftari hilo nalihesabu miongoni mwa mali zangu.

Sintesaiza zenye vitufe ninazo pia, mbili, na nazipenda kwa namna nyingine. Moja ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983, inayotumia ugunduzi alioufanya John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: kwamba wimbi moja likitikiswa haraka na wimbi jingine, huzaliwa milio ya kengele, ya shaba, ya mbao. Ni ala ngumu kuipangia sauti mpya, ndiyo maana sehemu kubwa ya dunia ilitumia sauti zile zile zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Nimefika katikati ya ugumu huo na nina miaka ya kwenda.

Mkono wangu wa tatu, kama ninaruhusiwa kuwa nao, ni brashi.

Jumamosi huwa nakwenda Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako kazi ya Edward Saidi Tingatinga inaendelea. Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya vibarua vingi Dar es Salaam kabla hajaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichora kwenye vipande vya ubao mgumu wa dari, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Hakuchagua vitu hivyo kwa falsafa; ndivyo vilivyopatikana dukani na ndivyo alivyoweza kuvilipia. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake na ndugu zake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Hapo ndipo nilipojifunza, kwa kukaa kwenye benchi na kumtazama mzee mmoja akifanya kazi, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka siku aliponisogezea kipande cha ubao bila kusema kitu.

Rangi ya kopo ina tabia zake, na lazima uzifuate. Usuli unapakwa kwanza, rangi mbili zikikutana zingali mbichi: njano inashuka kutoka juu, nyekundu inapanda kutoka chini, na unapitisha brashi pana mahali zinapokutana, huku na huku, ukilegeza mkono kila safari, mpaka pasionekane mpaka wala alama ya brashi. Ukiikosa nafasi hiyo, rangi imeanza kushika na kila mguso unaacha kovu. Kisha unangoja. Wakati wa kaskazi usiku mmoja unatosha. Wakati wa masika nimeshangoja siku tatu, nikiugusa ubao pembeni kwa kidole kidogo asubuhi na jioni. Hakuna namna ya kuiharakisha, na ukichora juu ya usuli uliokauka ngozi tu, mwezi mmoja baadaye utaukuta umekunjamana kama maziwa yaliyochemka.

Mimi nachora kanga. Ndege, si nguo, ingawa nguo ilipewa jina kwa sababu ya ndege. Nimemchora mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kiwiliwili chake ni cheusi, na juu ya weusi huo huja madoa meupe, mamia, moja moja. Nayatia kwa kijiti cha kiberiti. Rangi ikiwa nzito mno, kijiti kikiinuka kinavuta mkia na doa linakuwa kiluwiluwi. Ikiwa nyepesi mno linatambaa na kumgusa jirani yake. Kuna uzito mmoja tu ambao doa linaanguka, linatulia, linakuwa duara lenye mgongo, na taa ikilipiga unaona nukta ya mwanga juu yake. Unaujua kwa jinsi rangi inavyokatika kwenye kijiti ukikiinua juu ya kopo. Nikishaupata uzito huo natia madoa mpaka shingo inauma, na sitaki kuitwa na mtu.

Kisha nilijaribu kumchora kanga yule yule kwenye kompyuta, na hapo ndipo kazi zangu zilipojuana. Kioo cha Commodore kina nukta 320 kwa upana na 200 kwa urefu, na rangi kumi na sita tu, nyingi zimefifia kama kitambaa kilichoanikwa juani miaka. Sharti lake ni hili: kioo kimegawanywa katika miraba elfu moja, kila mraba una nukta nane kwa nane, na ndani ya kila mraba, ukichora kwa nukta zilizo ndogo kabisa, rangi mbili tu zinaruhusiwa. Kiwiliwili cha kanga hakina shida, ni cheusi na cheupe, ni kama aliumbwa kwa ajili ya mashine hii. Shida ni kichwa. Uso wake ni wa bluu, ndevu zake ni nyekundu, na nyuma yake kuna usuli. Rangi tatu zinakutana mahali padogo kuliko punje ya mtama.

Nilipambana na kichwa kile wiki mbili. Nilimsogeza ndege mzima nukta tatu kulia ili ukingo wa uso uangukie kwenye mpaka wa mraba. Ndevu zikavuka. Nikamwinamisha kichwa. Bluu ikagusa usuli mahali palipo na nyekundu. Mwishowe nilimfanya anywe maji, mdomo chini, ndevu zikining'inia mbele ya mraba ambao ndani yake hapakuwa na bluu hata nukta moja. Na yule kanga anayekunywa maji ndiye kanga bora niliyewahi kumchora, kwenye kioo au kwenye ubao. Nilimrudisha kwenye ubao vile vile ameinama, kwa rangi ya kopo, ambako hakuna mraba unaonilazimisha, na yuko ukutani juu ya kinanda. Mzee wa Morogoro Stores alipomwona aliuliza nimemwona wapi kanga akinywa hivyo. Nilimwambia ukweli, kwamba amenifundisha mraba. Akamtazama tena, akasema, "Basi mraba huo una macho."

Watu huniuliza, kwa upendo kabisa, "Hiyo inalipa?" Ni swali la haki mjini kwetu, ambako kila mtu ana kazi mbili na anatafuta ya tatu. Hailipi, na sijawahi kutaka ilipe. Namkumbuka Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia, aliyekuwa nyota wa Addis Ababa na bendi ya Walias. Akiwa Marekani mwaka 1985 alijirekodi peke yake kwa kodiani na sintesaiza, akipanga sauti juu ya sauti, DX7 ikiwa mojawapo. Baadaye akawa dereva wa teksi Washington kwa miaka mingi. Kwenye buti ya gari alikuwa na kinanda cha betri, na akisubiri abiria uwanja wa ndege alikitoa, akakaa kiti cha nyuma, akafanya mazoezi. Kanda ile ilikuja kutolewa upya mwaka 2013 na dunia ikamsikiliza tena, na nimefurahi kwa ajili yake. Lakini ninayemwaza mimi ni yule wa kabla ya 2013, mlango wa gari umefunguliwa nusu, abiria hajatokea, vidole viko mahali pake. Hakuna mtu aliyekuwa anamngoja amalize.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja, alikuja kukaa nasi wakati wa likizo. Ni msomaji wa kasida madrasani na ana koo safi. Nilikuwa na usuli mbichi nje barazani, kwa hiyo sikuweza kuchora, na nilikuwa nimerudi kwenye sauti ya tatu ya Rast, ambayo kwenye daftari langu ina namba tano zilizokatwa na moja yenye alama ya kuuliza. Alisimama nyuma ya kiti.

"Mjomba, hiyo iko chini."

Nikamwuliza anajuaje. Akaimba. Aliimba kipande cha kasida, do, akapanda, akafika pale na kukaa juu yake bila kuyumba, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha kwao. Nilimpisha. Nikamwonyesha chumba cha chini na chumba cha juu, nikamwambia namba ikizidi 255 ahamie chumba cha pili. Aliandika kwa kidole kimoja, akabonyeza, akatikisa kichwa. Akaongeza nne. Akatikisa kichwa. Aliimba tena taratibu mdomo umefungwa, huku mkono uko kwenye kibodi, akaongeza sita, akashusha moja, na sauti ya mashine ikaingia ndani ya sauti yake mpaka sikuweza kuzitenganisha.

"Hapo," akasema.

Ilikuwa 5471. Nikafungua daftari nikaiandika, na pembeni nikaandika jina lake na tarehe. Yeye alikuwa ameshasahau, anauliza sauti inayofuata inakaa chumba gani.